Sheria ya Palepale

Nchi ya Subirani haimo katika ramani za shule, na waliozichora ramani hawana lawama, maana nchi yenyewe haijaamua ikae upande gani wa bahari. Bi Sikudhani wa Muheza aliifikia kwa meli, akatapika mara mbili njiani, na zaidi ya hapo safari yake haina la kusimuliwa. Lenye maneno ni alichokifuata. Alikwenda kumtazama mjukuu wake Salha, mtoto aliyeachwa na marehemu binti yake Mwajabu. Mara ya mwisho alimwona pichani, ana miaka sita, hana meno ya mbele. Tangu hapo imepita miaka kumi na moja, na kila Bi Sikudhani alipoandika barua kuomba aletewe mtoto, alijibiwa mstari mmoja: mtoto ana kesi. Safari hii aliamua kwenda mwenyewe. Mkobani alikuwa na gauni la maua ya zambarau, kalishona kwa kukadiria mwili wa msichana wa miaka kumi na saba, akaacha pindo pana chini, maana hajui miguu ya watu wa visiwani inaishia wapi.

Afisa wa bandari alimpokea kwa adabu kubwa. Hakumwuliza habari ya chanjo wala mzigo.

"Shikamoo mama. Una kesi?"

"Marahaba. Sina, mwanangu. Nina goti tu linanisumbua."

"Huna kabisa? Hata ya mpaka wa shamba?"

"Hata ya kuku."

Afisa akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja harusini peku. Akaandika katika daftari lake: Mgeni, hana kitu.

Toka hapo mpaka kwa wenyeji wake ni mwendo wa nusu saa, lakini Bi Sikudhani alitumia saa mbili, kwa sababu alikuwa mtu wa kutazama na huko kulikuwa na vya kutazamwa. Aliona nyumba iliyoezekwa nusu. Upande wa bati watu wamekaa wanakula, na upande wa pili, uliokuwa sebule, mchicha umeota mpaka magotini. Aliona ukuta uliopakwa chokaa hadi katikati, na brashi imegandia palepale fundi alipoiachia, ndege keshajenga juu yake. Aliona ng'ombe mzee aliyefungwa kitambaa chekundu kwenye pembe, na nyuma yake wanafuata ndama saba, wengine wakubwa kuliko mama yao. Ndama hao wakaingia bustani ya mtu, wakala bamia, wakala bilinganya, wakamalizia na kanga iliyoanikwa. Mwenye bustani amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anawaangalia.

"Baba, mbona huwafukuzi?" Bi Sikudhani akauliza.

"Niwafukuze kina nani, mama?"

"Hawa ndama."

"Ndama hawapo," akasema yule bwana kwa uchovu. "Ng'ombe ana kesi. Siku kesi ilipofunguliwa alikuwa peke yake. Ukimwona na mtoto, umeona vibaya."

Basi ndivyo alivyoijua Sheria ya Palepale kabla hata hajavua viatu. Raya, shangazi yake Salha, ndiye aliyemweleza iliyobaki, huku akisukuma chapati. Raya alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye unga mpaka kwenye nyusi, na biashara yake ilikuwa kuuza chapati na maharage kwenye kibaraza cha nyumba yake.

"Mama, ni hivi," akasema. "Kitu kikishaingia kwenye kesi, kinatakiwa kibaki vilevile kilivyokuwa siku ile, mpaka mahakama ya mwisho iseme. Nyumba isimalizwe, mti usikatwe, mgonjwa asipone. Ukikibadilisha umeharibu ushahidi."

"Na mahakama ya mwisho iko wapi?"

Raya akaelekeza mti wa kusukumia chapati baharini, mbali kabisa, pasipo na kitu. "Ukunguni."

Bi Sikudhani akatazama huko, halafu akatazama ng'ambo ya barabara, hatua thelathini kutoka jikoni kwa Raya. Palikuwa na jengo jeupe lenye nguzo nane, madirisha ya vioo vilivyofutwa mpaka ukaona mawingu ndani yake, na saa kubwa juu ya mlango, saa pekee iliyokuwa ikienda Subirani nzima. Watu walikuwa wakiingia na mafaili, wakitoka wanacheka au wanalia, lakini wanatoka.

"Na ile?"

"Ile Mahakama ya Visiwa Saba. Tumeijenga sisi."

"Ya nini?"

"Ya watu wengine."

Hapo pana historia kidogo. Watu wa Ukunguni waliitawala Subirani miaka mia moja. Walipoondoka walichukua bendera yao, viti vyao, na wengine wanasema walichukua hata vitasa vya milango. Walichoacha ni ruhusa ya kuwakatia rufaa, na Wanasubirani waliipokea kwa mikono miwili kama zawadi ya harusi. Baadaye visiwa saba jirani vikakubaliana kuwa na mahakama yao wenyewe. Subirani ilitoa kiwanja, ikatoa mawe, ikatoa mafundi, na siku ya ufunguzi ilicheza ngoma mchana kutwa siku tatu. Siku ya nne ikafunga mafaili yake kwa kamba ikayapeleka Ukunguni, kama kawaida.

Raya alikuwa bado hajamaliza kueleza, akaingia msichana mrefu, ikabidi ainame mlangoni. Alivaa sare ya darasa la kwanza: sketi ya samawati iliyoungwa viraka vitatu chini, shati lenye kola ya duara, na kifuani kitambaa cha kufutia kamasi kilichobanwa kwa pini. Mkononi ana daftari la mistari mipana.

"Shikamoo bibi."

Bi Sikudhani akainuka kwanza. Alimshika mashavu, akayageuza huku na huku. Pua ilikuwa ya Mwajabu. "Marahaba, mke mwenzangu. Umekuwa mrefu hivi kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa," Salha akacheka. "Kwenye faili nina sentimita mia moja na kumi."

"Uko darasa la ngapi?"

"La kwanza."

"Mwaka wa ngapi?"

"Huu wa kumi na mbili. Nusu ya watoto wa mtaa huu nimewafundisha kusoma mimi, bibi. Wanapita la pili, la tatu, nawapungia mkono. Huyu mwalimu tuliye naye sasa, nilimshikisha kalamu mwenyewe. Mpaka leo 's' yake anaigeuza."

Bibi akalitoa gauni. Salha akaliweka kifuani, likamwenea, pindo likashuka mpaka pale linapotakiwa. Akalinusa. Kisha akalikunja taratibu akalirudisha mkobani.

"Nikilivaa, nimeharibu ushahidi," akasema. Na kwa kuwa bibi alikuwa bado anamtazama, akaongeza kwa sauti ndogo, "Mimi sitaki makubwa, bibi. Nataka darasa la pili."

Usiku Bi Sikudhani hakuuliza zaidi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Raya akamwambia avae vizuri, wanakwenda kugombana.

Kesi yenyewe ilikuwa baina ya Raya na kaka yake Shaame, ami yake Salha. Wazazi wa mtoto walipofariki, kila mmoja alimtaka. Mahakama ndogo ikampa Raya, ya kati ikampa Shaame, na faili likapanda meli kwenda Ukunguni. Mwezi wa pili baada ya hapo ndugu wakapatana. Shaame alikuja na jogoo na kibaba cha mchele, wakalia, wakala, na tangu siku hiyo wanakaa ua mmoja na sufuria moja. Walipotaka kuifuta kesi wakaambiwa ombi la kufuta liamuliwe hukohuko Ukunguni. Wakalipeleka. Huu mwaka wa saba linasubiri, na lenyewe lina namba yake.

Sasa kwa mujibu wa Sheria ya Palepale, wenye kesi nao wabaki kama walivyokuwa: maadui. Kila Ijumaa saa nne huenda kwa Karani wa Rufaa wakagombana mbele yake, naye akatia tiki. Karani huyo alikuwa Bwana Mbaruku, mtu mwembamba mwenye sauti ya heshima, aliyevaa koti zito la sufu lililofungwa vifungo vyote mpaka kooni. Ukunguni kuna baridi, kwa hiyo ndiyo sare. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye wino.

"Anza, mkata rufaa," akasema.

"Mwizi wa watoto mkubwa wee!" Raya akapaza sauti.

"Sauti inatosha. Mjibu rufaa?"

Shaame, mzee mpole mwenye kofia ya viua, akakohoa. "Na wewe... na wewe mchawi tu."

"Bwana Shaame, wiki iliyopita ulisema hivyohivyo. Faili linasema 'ugomvi mkali'."

"Mchawi usiye na haya! Unapika maharage kama kokoto!"

Raya akageuka kweli. "Kokoto? Jana si ulirudia mara tatu?"

"Nilikuwa na njaa, dada."

"'Dada' halimo," Karani akasema, akalikata kwa rula. Akatia tiki. Kisha akavaa miwani na kufungua bahasha kwa vidole viwili, kama anafungua kidonda. "Kuna barua kutoka Barazani, Ukunguni. Swali la tisa."

Wote wakasogea. Waheshimiwa wa Ukunguni ni watu makini, hawaamui wasilolijua. Swali la kwanza walitaka wachorewe nyumba. La pili walitaka kujua kwa nini haina dohani ya kutolea moshi. La tano liliuliza kama hali ya hewa ya visiwani inafaa kwa watoto kabisa, na kulijibu ilibidi zihesabiwe shule. Bwana Mbaruku alisoma la tisa akiwa amesimama:

"Baraza linaomba kufafanuliwa shangazi ni nani. Je, ni cheo, au ni kazi ya kuajiriwa? Na kama ni kazi, mwenye kazi hiyo hustaafu akiwa na umri gani?"

Karani akaikunja barua.

"Nijibu nini?" Raya akauliza.

"Usijibu wewe. Kamati ya Majibu inakutana mwezi wa kumi na moja."

Bi Sikudhani alitoka pale kichwa kinamuuma. Lakini Raya alikuwa na moyo, na sababu ya moyo wake ilikuwa imebandikwa kwenye kila ukuta. Jumatano ijayo ingepigwa kura kuchagua mahakama ya mwisho: ile ya Ukunguni au hii ya ng'ambo ya barabara. Ikishinda ya hapa, mafaili yote yatarudishwa. "Salha atakuwa na miaka yake kabla ya mwezi kwisha," Raya akasema.

Asubuhi iliyofuata jaji mmoja wa Visiwa Saba alikuja kununua chapati, kama alivyozoea. Aliitwa Jaji Nuhu, mtu wa kisiwa cha tatu, mwenye makubadhi na jaribosi la kufungia chapati mfukoni. Bi Sikudhani hakuona sababu ya kumwonea haya mtu mwenye chapati mkononi.

"Mheshimiwa, kesi ya mtoto kama huyu ungeisikiliza kwa muda gani?"

Jaji akamtazama Salha aliyekuwa akibana kitambaa chake cha kamasi kifuani. "Hii? Ningeianza asubuhi. Chai ya saa nne isingenikuta nayo. Lakini bibi, faili la nchi hii hata kulishika siruhusiwi. Linapita chini ya dirisha langu kila likienda bandarini, nalipungia."

"Na kwenu, kisiwa cha tatu, mnaleta kesi hapa?"

Jaji Nuhu akatafuna muda mrefu kuliko chapati ilivyohitaji.

"Kwetu," akasema, "bado tunatafakari."

Mdahalo ulifanyika Jumapili uwanja wa soko. Upande wa Visiwa Saba alisimama Mheshimiwa Sururu, mkuu wa nchi, na kofia elfu mbili za kugawa. Upande wa Ukunguni alisimama Wakili Badi, aliyesomea hukohuko na kurudi na mwavuli.

Sururu alisema tujitawale, akasema aibu, akasema mababu. Hakusema mahakama inafanya kazi gani. Watu hawakusahau kwamba kuipenda kwake mahakama ya nyumbani kulianza Jumanne moja, siku Ukunguni ilipoamua kwamba uchaguzi wake ulikuwa na kasoro. Mpaka Jumatatu yake alikuwa akiwaita majaji wa kule babu zetu.

"Mheshimiwa, hii kura itashusha bei ya unga?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Itashusha aibu!"

"Aibu hatuikandi."

Ndipo Wakili Badi akapanda. "Ndugu zangu, jaji wa Ukunguni hawajui ninyi. Hajui kijiji chako, hajui lugha yako, hajui shangazi ni nini. Hiyo ndiyo haki! Huyu wa hapa anajua mpaka bei ya dagaa. Anakula chapati na ninyi. Mtu aliyekuona na unga kwenye nyusi atakuhukumu vipi?"

Watu wakashangilia. Raya akajifuta nyusi. Mzee mmoja akasema kwa sauti kuwa kweli, hukumu nzuri lazima ivuke maji, hukumu ya jirani haina utamu.

Akasimama mwanamke mmoja aliyekonda, mshona mikeka, hakushangilia wala kuzomea. "Mimi kaka yangu alihukumiwa hapahapa kunyongwa," akasema, "kwa sababu mkubwa mmoja alitaka iwe hivyo, na majaji wetu walikuwa wakila kwa mkubwa huyo. Wale wa Ukunguni hawakumjua mkubwa, hawakumwogopa. Wakamtoa. Basi mimi nitawapigia wao, na mnicheke."

Hakucheka mtu. Bi Sikudhani, ambaye alikuwa amekaa karibu yake, akamgusa mkono.

"Ilichukua miaka mingapi, mwanangu?"

"Kumi na tatu. Alitoka hana jino hata moja. Lakini alitoka."

Kati ya yote yaliyosemwa siku ile, hili ndilo pekee Bi Sikudhani aliloliona lina uzito, na hakuna aliyelijibu. Sururu aligawa kofia. Badi alifungua mwavuli, ingawa jua halikuwa kali.

Jumatano watu wakapiga kura. Swali kwenye karatasi lilikuwa na maneno hamsini na moja na "kutokukataa" mara mbili. Wengi waliomchukia Sururu wakapigia Ukunguni, waliopata kofia wakapigia nyumbani, na mshona mikeka peke yake, kwa kadiri alivyojua Bi Sikudhani, alipiga kura kuhusu mahakama. Ukunguni ikashinda.

Raya aliangusha mti wa chapati, akakaa chini kwenye unga. Salha akamwinua. "Usilie, shangazi. Mimi nimezoea," akasema, na hilo ndilo lililomfanya Raya alie zaidi.

Sururu hakukubali. Akasema kura zimechezewa, atakata rufaa mpaka mwisho. Waandishi wakamwuliza mwisho wapi. Akaona haya kidogo, si nyingi, na jioni ile faili lake likafungwa kamba likapanda meli kwenda Ukunguni, likawaombe waheshimiwa waamue kama wao ndio waheshimiwa. Na kwa kuwa sasa kura yenyewe ilikuwa na kesi, Sheria ya Palepale ikaishika nchi nzima. Kila mtu abaki kama alivyokuwa Jumatano. Jukwaa lisiondolewe sokoni. Wino wa kura usioshwe kidoleni, na wanawake wakaanza kukanda unga kidole kimoja kimesimama juu kama wanatoa onyo. Aliyekuwa na kofia asiivue. Na Mheshimiwa Sururu, aliyekuwa mkuu wa nchi siku ya Jumatano, aendelee kuwa mkuu wa nchi mpaka jibu lije. Yeye alilipokea hilo kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano.

Bi Sikudhani hakulia. Alikunywa chai, akajifunga kanga ya pili, akaenda kwa Karani.

"Naomba kulisoma faili la mjukuu wangu."

Bwana Mbaruku akajifuta jasho. "Lote? Mama, faili lina kurasa mia nne. Mimi mwenyewe nasoma ya juu tu. Wewe ni wakili?"

"Mimi nimeishia darasa la saba. Nasoma polepole, lakini siruki mstari."

Hakukuwa na sheria ya kumkatalia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba. Akapewa kigoda pembeni ya kabati, akasoma siku tatu, kidole kinatembea chini ya kila neno, midomo inatikisika. Alisoma maelezo ya nyumba na mchoro wake. Alisoma orodha ya vitu vya mtoto: kandambili jozi moja, kikombe cha bati, mwanasesere wa kitambaa asiye na mguu. Alisoma karatasi kumi na mbili zinazoeleza kwamba Subirani hakuna theluji. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, akakuta kipande cha karatasi ya daftari kilichobanwa kwa pini yenye kutu. Akakisoma mara mbili. Kisha akamwita Karani.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

Karani akasoma. Ilikuwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mtoto Salha, miaka sita, ameruhusiwa kwenda Muheza kwa bibi mzaa mama, wiki mbili, kisha arudi kuendelea na masomo. Chini yake sahihi mbili, ya Raya na ya Shaame. Hilo ndilo jambo la mwisho walilokubaliana kabla ya kesi; ugomvi ulianza kesho yake, juu ya nani ampeleke bandarini, na kesi ikafunguliwa siku hiyohiyo.

"Imekwisha hii, mama. Ya miaka kumi na moja."

"Siku kesi inafunguliwa ilikuwa imekwisha?"

"Siku hiyo... hapana. Ilikuwa na siku moja."

"Ikabaki siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Na kitu kilichokuwapo siku kesi inafunguliwa kinafanywaje?"

Bwana Mbaruku akafungua kifungo cha kwanza cha koti. Haikuwahi kuonekana. Akasoma tena, akageuza karatasi nyuma, akaitazama kwenye mwanga. "Nitaliuliza Baraza," akasema.

"Baraza huulizwa na mwenye kupinga, nimesoma ukurasa wa thelathini na mbili. Anayepinga nani? Waliotia sahihi ndio wenye kesi."

Wakaitwa. Shaame alikuja mbio mpaka kofia ikakaa upande, na Raya na unga wake. Karani akawauliza kama wanapinga. Ndugu wakatazamana.

"Mimi na huyu mchawi," Shaame akasema kwa sauti ya faili, "hatukubaliani kwa lolote. Isipokuwa hili."

"Mwizi wa watoto huyu," Raya akasema, machozi yanamtoka, "leo tu kasema kweli."

Karani akaishika ile karatasi. Alikuwa mtu wa sheria, na mtu wa sheria akibanwa na sheria yake hana pa kukimbilia. "Palepale," akasema mwisho, akagonga muhuri.

Meli iliondoka Jumatatu asubuhi. Bandarini alikuwa afisa yuleyule, mwenye wino kidoleni na kofia ya kura kichwani, kwa lazima. Akasoma ruhusa, akamtazama Salha kuanzia kitambaa cha kamasi mpaka juu, akasoma tena.

"Mtoto ana miaka sita?"

"Ndivyo faili linavyosema," Bi Sikudhani akajibu.

"Basi kwenye daraja la meli abebwe. Aliye chini ya miaka saba hapiti kwa miguu, anaweza kutumbukia."

"Nitambeba mimi," Shaame akasema.

"Ruhusa inasema kwa bibi. Abebwe na bibi."

Bi Sikudhani akatazama daraja. Lilikuwa la mbao, hatua ishirini hivi, limeinuka, na kamba mwishoni kuonyesha meli inapoanzia. Akalitazama goti lake. Akavua kanga ya mabegani akampa Raya. "Nifunge mbeleko," akasema.

"Bibi, hapana," Salha akasema. "Utavunjika."

"Nyamaza. Watoto wa siku hizi wanasema mapema sana."

Raya akafunga, Shaame akasukuma kwa nyuma, na Salha akapanda mgongoni kwa bibi yake, miguu inaburuza mpaka viatu vikachora mistari miwili kwenye mbao. Watu wa bandarini wakasimama kutazama. Hawakucheka, maana lilikuwa jambo la kisheria. Afisa akatembea kando akihesabu, na kila Salha alipotaka kukanyaga chini kumpunguzia bibi uzito, afisa alikohoa.

"Bibi, niteremshe."

"Bado. Mpaka kwenye ile kamba wewe una miaka sita."

"Goti lako linalia, nalisikia."

"Acha lilie. Limekata rufaa."

Walipanda daraja hatua moja baada ya nyingine, na hatua ya mwisho, ya kuvuka kamba, ikawa ndefu kuliko zote kumi na tisa. Nyuma yao afisa akaandika: Mtoto mmoja, katoka, amebebwa, atarudi siku kumi na tatu baada ya hukumu ya mwisho. Akatia sahihi bila wasiwasi, kwa kuwa siku hiyo isingemkuta yeye wala wajukuu zake.

Juu ya meli palikuwa na baharia mnene, mtu wa nchi nyingine, ana kalamu sikioni na orodha mkononi. Hakuwa na habari na Subirani wala Ukunguni. Alikuwa na haraka.

"Huyo mgongoni nani? Mgonjwa?"

Salha akafungua fundo la kanga, akateremka, akasimama. Alikuwa amemzidi baharia kimo. Mkono wake ulikwenda kifuani ukachomoa ile pini, kitambaa cha kamasi kikabaki kinaning'inia kidoleni, hajui akiweke wapi.

"Mzima," akasema.

"Jina?"

"Salha binti Ame."

"Umri?"

Akamtazama bibi yake. Bi Sikudhani alikuwa amekaa juu ya gunia la karafuu, anasugua goti, hakumsaidia hata kwa nyusi.

"Kumi na saba," Salha akasema.

Baharia hakuinua hata kichwa. "Mtu mzima," akaandika. "Haya, mtu mzima, usinizibie njia. Shika mzigo wa bibi yako mkae kule nyuma."

Salha akaushika.